Ng'ombe wa Koang Anaishi Kwenye Kioo

Simu ilimkuta Longor ameshika mkia wa ngamia, na hiyo si hali nzuri ya kupokea simu. Alikuwa nyuma ya ofisi ya mifugo pale Lodwar. Ngamia mwenyewe alikuwa na upele na hataki kusaidiwa. Longor akaibana simu kati ya sikio na bega. Sauti ya mwanamume ikamsalimia kwa Kiarabu cha Juba, ikajaribu "ejok" ya Kiturkana, halafu ikatulia kwenye Kiswahili.

Alikuwa Koang, mwenye hoteli kule kambini Kakuma, pale Longor anapokunywa chai kila akienda kuchanja mbuzi za wenyeji. Alisema ana mnyama mgonjwa. Longor akashangaa, maana kila mtu anajua mkimbizi hafugi ng'ombe kambini. Akauliza ni mnyama gani. Koang akakohoa kidogo, akasema mnyama mwenyewe anaishi ndani ya maji.

Longor akafikiria mamba. Akaachia mkia.

"Ni samaki, daktari," Koang akasema. "Lakini si samaki wa kula."

Ngamia akaona nafasi yake, akarusha teke. Likapita hewani karibu na nyonga ya Longor na kupiga ndoo ya dawa.

Mwaka huo, 2013, serikali ya kaunti ilikuwa imezaliwa juzi tu, na mle ofisini hakuna aliyejua kwa hakika nani ni mkubwa wa nani. Longor akapeleka habari kwa Madam Nakal, aliyekuwa bosi wake mpaka itakapotangazwa vingine. Madam Nakal akawapigia watu wa uvuvi. Watu wa uvuvi wakasema kazi yao ni samaki wa ziwani, wanaovuliwa. Samaki aliyewekwa kwenye kioo, analishwa kwa mkono, na mwenyewe anamjua kwa sura, huyo ni mfugo. Madam Nakal akaweka simu chini na kumwangalia Longor juu ya miwani.

"Ana kupe?"

"Anasema ana vitu vyeupe kwenye ngozi."

"Basi ni wako. Wewe si ndiye mtu wa vimelea?"

Tangu atoke chuoni na diploma yake ya afya ya mifugo, nywele zikiwa bado nyeusi zote, Longor alikuwa mtu wa kupe, minyoo, chawa na upele. Alijua kupe wa ngamia na kupe wa punda kwa kuwaangalia tu, kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake. Kuhusu samaki alijua jambo moja, kwamba wa kukaanga anaenda vizuri na ugali. Hata hivyo akafunga mfuko wake: chupa ya dawa ya minyoo, bomba la kunyunyizia kupe, thamomita ya kupimia mbuzi, na gambuti zake ndefu za mpira, kwa sababu alikuwa amesikia neno maji. Kesho yake akapanda pikapu iliyokuwa inapeleka vitunguu Kakuma, akakaa juu ya magunia, gambuti zikiwa mapajani.

Alitarajia kukuta msiba mdogo. Badala yake alikuta kama sikukuu. Mlango wa hoteli ya Koang umejaa watu, wengine wametoka Kakuma Two na Kakuma Three kwa miguu juani, na kila anayetoka ndani anatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeona kitu kikubwa. Kijana mmoja wa Kikongo alikuwa ameshaanza kuuza karanga pale nje.

Koang akampasulia njia. Alikuwa mtu mrefu wa Kinuer, amezidi miaka hamsini, mistari sita ya ujana imechanjwa kwenye paji la uso, shati limepigwa pasi kama la mwenyekiti wa kanisa, ambaye kwa kweli ndiye alikuwa. Akamfikisha kaunta. Na hapo, kati ya friza ya soda na sufuria ya mandazi, lilikaa tangi la kioo lenye samaki watano.

Wote walikuwa wekundu, wale wa mapambo, wenye mikia kama nguo ya harusi. Wanne walikuwa wadogo, na punje nyeupe chache hapa na pale. Wa tano alikuwa na urefu wa kiganja, na mwili mzima, toka kichwa hadi mkia, alikuwa amejaa nukta nyeupe, kama mtu amemshikilia juu ya jiko na kumnyunyizia chumvi.

"Unaona, daktari?" Koang akasema polepole. "Unaona vile amevaa?"

Kulingana na Koang, tangi hilo liliachwa na mzungu wa shirika fulani ambaye kandarasi yake iliisha. Alikosa wa kumpa, akampa mtu aliyekuwa anampikia chai. Mwaka mzima samaki walikaa pale wekundu tu, na wateja waliwaangalia vile watu wanaangalia kalenda. Mpaka majuzi. Majuzi mkubwa akaanza kutoka madoa. Bichiok, rika la Koang na mwalimu wa kwaya, alikuwa amekaa hapo hapo na kikombe chake. Akaweka kikombe chini. Akasema neno moja la Kinuer: Kuac. Chui.

Kwa mtu mwingine yeyote mwenye diploma ingebidi aeleweshwe. Kwa Longor, Mturkana, haikuhitaji hata nusu ya sentensi. Kijana wa Kinuer akichanjwa paji la uso, baba anampa dume. Rangi ya dume inakuwa jina lake, anamtungia wimbo, anainua mikono juu kama pembe na kumchezea mbele ya watu. Waturkana nao ni vile vile, tofauti ni vitu vya kubishania wakati wa chai. Dume la Koang lilikuwa la madoadoa ya chui, na aliliona mara ya mwisho siku ile kijiji kilipokimbia, likiwa mkononi mwa mjomba wake. Tangu hapo, zaidi ya miaka ishirini, Koang hakuwa na kitu cha kuimbia. Mtu haimbi bure. Lazima mnyama awepo, asikie.

Na Jumamosi binti yake, Nyaduoth, alikuwa anaolewa.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote, na Koang aliieleza bila kuzunguka. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanakabidhiwa huko Sudan Kusini, ng'ambo ya mpaka wa Nadapal na mbali zaidi, kati ya wajomba na wajomba. Yeye baba mzazi hataona hata mkia. Watu wa bwana harusi watakuja, ngoma itapigwa, na baba ya msichana atasimama katikati ya uwanja wa vumbi mikono ikining'inia. Isipokuwa sasa Mungu amemletea mnyama wake, rangi ile ile. Mdogo kidogo, ndio. Lakini rangi ile ile. Jumamosi alitaka kuimba mbele yake.

"Sasa kwa nini ulinipigia simu?" Longor akauliza.

"Tangu jana anajikuna," Koang akasema. "Anajisugua kwa mawe. Nataka uzuie kujikuna tu. Rangi usiguse."

Longor akaanza kazi vile alivyofundishwa, yaani kwa kupima. Aliingiza thamomita ya mbuzi kwenye maji. Nyaduoth, aliyekuwa nyuma ya kaunta na kilemba kichwani na unga mikononi, akauliza kwa upole kama hiyo kitu imeoshwa tangu mbuzi wa mwisho. Longor akaapa imeoshwa. Thamomita haikusoma chochote. Kwa hesabu ya thamomita ile, mgonjwa alikuwa amekufa wiki iliyopita. Alimweka samaki kwenye mizani ya sukari ili ajue kipimo cha dawa ya minyoo, akagawanya kilo za mbuzi kwa zile gramu, akapata sehemu ya tone ambayo hakuna bomba duniani inaweza kutoa. Kwa hiyo akafanya kitu kingine ambacho serikali imemruhusu: akatangaza karantini. Samaki hawa wasitoke nje ya hoteli, wasiuzwe, wala wasichanganyike na mifugo mingine.

"Watatoka wakienda wapi?" Bichiok akauliza.

Watu wakacheka, na Longor akacheka nao. Halafu akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa mabati, akampigia Ekeno. Walisoma chuo kimoja, na Ekeno alikuwa na mabwawa ya samaki huko chini kwenye mvua nyingi. Ekeno alicheka mpaka dakika za simu zikaanza kumhurumia Longor. Akishamaliza kucheka alisema hiyo anaijua vizuri sana: ni kijidudu. Kila doa jeupe ni kijidudu kimoja kimejichimbia chini ya ngozi, kinakula. Kikishiba kinaanguka chini ya tangi, kinapasuka, mamia ya watoto wanatoka wakitafuta ngozi nyingine. Ni kupe wa maji, kwa ufupi. Na Longor, aliyewajua kupe, akahisi ngozi yake mwenyewe imewasha.

"Dawa?" akauliza.

Chumvi kidogo na joto, Ekeno akasema. Kijidudu hicho kinapenda maji ya baridi. Maji yakipata joto la kutosha hakiwezi kuzaa, kinakwisha chenyewe. Kitu kimoja tu hakikumwingia Ekeno akilini. Walikuwa Kakuma, mahali ambapo kuku hutaga yai likiwa nusu limeiva. Maji ya baridi yametoka wapi?

Longor akarudi ndani na swali hilo, na jibu likapita mbele ya macho yake. Nyaduoth alifungua friza, akatoa pande la barafu kubwa kama tofali, akalitumbukiza kwenye tangi bila hata kuangalia, vile mtu anaongeza kuni jikoni. Tena kulikuwa na jingine ndani, linamalizikia.

Ofisi ya yule mzungu ilikuwa na mashine ya ubaridi, Koang akaeleza. Samaki walizoea. Walipokuja hapa aliwaonea huruma, mtu anayetoka kwenye ubaridi akaletwa Kakuma, yeye mwenyewe alijua vile inauma. Kwa hiyo toka asubuhi hadi jenereta izimwe, samaki wanaletewa barafu. Wateja walikunywa soda za uvuguvugu, lakini samaki walikuwa wanaishi Ulaya.

Longor akamketisha chini, akamwambia yote, bila kuficha. Kwamba ile si rangi, ni wadudu. Kwamba barafu ndiyo inawalea. Kwamba dawa yake ni jua la Turkana, ambalo halilipiwi, na chumvi kutoka dukani. Bichiok akamwangalia Longor kama mtu aliyesema jambo baya juu ya marehemu.

"Hizo alama zitaenda wapi?" Koang akauliza.

"Zitaanguka, zife."

"Zote?"

"Zote, mzee. Atabaki mwekundu kama zamani."

Koang akachukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta mahali palipokuwa safi. "Na tukiacha?"

"Atakufa. Labda Jumamosi, labda kabla."

"Jumamosi saa ngapi?"

Katika miaka yote ya kazi Longor alikuwa ameulizwa mambo mengi na wenye mifugo. Hakuwa ameulizwa hilo. Na kilichomsumbua zaidi ni kwamba alijikuta anafikiria jibu.

Wakajadiliana alasiri nzima, chai juu ya chai. Mwishoni wakakubaliana kitu ambacho Longor hangependa Madam Nakal akisikie. Wale wanne wadogo watengwe na watibiwe, maana hawajapata rangi ya maana na hakuna atakayewalilia. Mkubwa abaki kwenye barafu yake hadi Jumamosi, aimbiwe, halafu ngoma ikiisha tu atibiwe mbio. Longor alijiambia hiyo ni karantini, na karantini ni kutenga. Alijiambia mara kadhaa.

Asubuhi yake wanne wakahamishiwa kwenye karai kubwa la kuoshea vyombo, uani, nusu juani nusu kivulini, na neti ya mbu juu yake kwa ajili ya kunguru. Maji yalikuwa yametulia usiku kucha kwenye mitungi ili ile klorini ya maji ya bomba itoke, na akina mama wa foleni ya maji walisema waziwazi wanavyofikiria juu ya familia inayochotea samaki. Longor akapima chumvi ya mawe kwa kijiko cha chai. Lakini Ekeno alikuwa amemwonya kwamba maji ya moto hayana hewa ya kutosha, na pampu ndogo ya hewa aliyoiacha mzungu ilikuwa na kazi yake kwenye tangi. Samaki wakaanza kuhema juu juu.

Nyaduoth ndiye aliyepata njia. Alichukua vikombe viwili vikubwa vya bati na kufanya kile alichofanya kila siku ya maisha yake hotelini: akachota, akainua mkono juu ya kichwa, akamimina maji yakaanguka kama uzi mrefu mpaka kikombe cha chini, na kutoka hapo ndani ya karai, yakitoa povu. Ni ile ya kupooza chai ya mteja mwenye haraka. Samaki wakaacha kuhema.

"Mabibi harusi wengine saa hii wanashonewa nguo," akasema, akimimina. "Mimi napooza samaki."

Longor akashika zamu, akajimwagia maji viatuni, akarudishwa darasani, akajifunza. Ikawa hivyo: anayepita uani anashika vikombe, anamimina kidogo, anaendelea na safari yake. Hata Ruot, bwana harusi mwenyewe, aliyekuja kuuliza habari ya viti, alikutwa anamimina na kijasho kinamtoka mbele ya wakwe zake.

Wanne wakapona. Doa baada ya doa likadondoka, na walivyozidi kuwa wazima ndivyo Bichiok alivyozidi kuhuzunika. Alikuwa anakuja kila asubuhi, anainua neti, anachungulia.

"Mmewaharibu," alikuwa anasema. "Walikuwa wanaanza kuwa watu."

Ndani, kwenye barafu, Kuac alikuwa mzuri kuliko mwanzo. Nyeupe ilikuwa imeshonana juu ya nyekundu. Watu waliendelea kuja. Mzee mmoja wa Kidinka alikaa mbele ya tangi kutwa nzima bila kuagiza kitu, akaondoka akisema dume lake yeye lilikuwa la kijivu.

Alhamisi Longor alifika akakuta mlango wa hoteli umefungwa nusu. Ndani hakukuwa na mteja. Koang alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya tangi, na jinsi alivyokaa, Longor alijua kabla hajaangalia. Samaki alikuwa chini, ameegemea jiwe kwa ubavu, mapezi yamebanana mwilini. Mashavu yalikuwa yanapiga harakaharaka.

Longor akavuta kigoda akakaa. Kama kungekuwa na mzaha wa kufaa mahali pale angekuwa ameutoa, maana alikuwa nao wa kila mahali, lakini haukupatikana.

"Hakula," Koang akasema. "Nimempa mandazi, hakula."

"Mandazi hapaswi kula hata akiwa mzima, mzee."

"Anapenda."

Kwenye friza barafu ililia ikipasuka.

"Yule wa kwanza sijui alikufaje," Koang akasema baadaye. "Miaka hii yote najiuliza. Wale watu waliotukimbiza walimla? Au alizeeka tu, mjomba akimwimbia? Sijui." Akaelekeza kidole kwa kioo. "Huyu nitajua. Nitakuwa nimeona kwa macho."

Akasimama. Akachukua upawa wa supu, akaupeleka ndani ya maji polepole, akainua pande la barafu lililobaki. Akalishika mkononi kwa muda, likimchuruzikia kwenye mkono wa shati lililopigwa pasi. Halafu akalitupa sakafuni, akalipiga teke likaenda kugonga mlango.

"Lete karai ya daktari," akasema. "Khalas, imetosha."

Wakatoa wale wanne wazima wakawahamishia kwenye mtungi, wakamwekea mgonjwa maji mapya na chumvi, wakayaacha yapate joto taratibu. Koang mwenyewe akashika vikombe. Longor alikuwa ameona watu wengi wakimimina pale uani, lakini hakuwa ameona mtu akimimina hivyo, uzi wa maji mrefu kuliko mtoto, bila tone moja kwenda pembeni, asubuhi hadi jioni. Hoteli haikufunguliwa. Waliokuja kumwona chui walimkuta Koang amekunja suruali, wakaambiwa warudi Jumamosi, na hakuna aliyeambiwa watakachokikuta.

Ijumaa samaki akasimama sawa. Alikula kitu kidogo, na Longor akajifanya hajaona kama ni mandazi. Madoa yalikuwa yanaanguka. Jumamosi asubuhi alibaki na matatu, halafu na moja karibu na mkia. Hilo la mwisho lilianguka wakati wa ibada ya harusi, mchungaji akiwa kwenye mahubiri. Bichiok, aliyekuwa ameachwa alinde karai, alikuja hadi dirisha la kanisa, akamtafuta Koang kwa macho, akatikisa kichwa mara moja. Koang akaitikia kwa kichwa, akageukia Neno la Mungu.

Baada ya kanisa watu walijaa uwanjani. Kulikuwa na watu wa Ruot na ngoma zao, akina mama na vigelegele, na nje ya ua wa miiba wenyeji waliokuwa wamekuja kuuza makaa wakaamua makaa yangoje. Tangi lililetwa kwa wilbaro, limeoshwa na kufungwa utepe mweupe, mkubwa amerudishwa ndani, Ruot mwenyewe akisukuma asije mtu mwingine akalimwaga. Likawekwa katikati. Watu wakasogea, wakainama.

Samaki mwekundu. Mzima, mkunjufu, anazunguka na mkia wake. Mwekundu tupu.

Manung'uniko yakatembea kutoka mbele kwenda nyuma. Walikuwa wametembea juani kutoka Kakuma Three. Baba mdogo wa Ruot, mtu wa sauti, akauliza kwa Kinuer jambo ambalo Longor hakuhitaji kutafsiriwa: chui yuko wapi?

Koang akaingia katikati. Mikono ilikuwa inaning'inia, vile vile alivyokuwa ameogopa. Akamwangalia samaki. Samaki akamwangalia yeye, au akaangalia kioo, na samaki ni vigumu kujua. Kisha mikono ya Koang ikapanda, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikakaa juu ya kichwa chake imepinda kama pembe, akaanza kuimba.

Nyaduoth, katika gauni lake jeupe, alijisogeza karibu na Longor akamtafsiria sikioni. Alisema baba anamsifu ng'ombe wake, aliyekuja kwa miguu hadi Turkana akakuta joto. Anasema joto lilikuwa jingi mpaka ng'ombe akavua koti. Watu wakaanza kucheka, kicheko kizuri. Anasema koti lilikuwa zuri, lakini lilikuwa linamla mwenye kulivaa.

Kisha Nyaduoth akanyamaza, akatabasamu.

"Anasema nini?" Longor akauliza.

"Anasema koti ulichukua wewe. Daktari wa Lodwar asimame, awaambie watu amelipeleka wapi."

Watu wote wakageuka. Longor alijaribu kuwa mdogo, lakini gambuti zilimponza. Alikuwa mtu wa pekee aliyevaa gambuti kwenye harusi, maana viatu vyake alikuwa amevimwagia maji tena asubuhi hiyo. Bichiok akamshika kiwiko, akamsukuma kati. Akasimama upande wa pili wa wilbaro, uso kwa uso na Koang. Jasho lilikuwa linamchuruzika Koang usoni, au yalikuwa machozi. Joto la Kakuma linasaidia watu mahali hapo.

Longor hakujua neno la kusema kwa Kinuer. Kwa hiyo akainua mikono.

Hakuwa ameiinua tangu ukame ule wa 2011, dume lake jeusi lilipoanguka karibu na Lorugum akiwa yeye amekwenda kuchanja ng'ombe za wengine. Aliinua mkono wa kushoto juu na wa kulia ukapinda kuelekea sikio, kwa sababu pembe zake zilikuwa hivyo, na akaimba kwa Kiturkana, kwa sauti mbaya, juu ya dume jeusi lililoota jua bila kuomba kivuli. Nje ya ua muuza makaa mmoja akaitikia. Kisha wengine, na ngoma za watu wa Ruot zikatafuta mwendo wa wimbo huo zikaupata. Mzee wa Kidinka, yule wa dume la kijivu, akaingia na mikono yake. Bichiok akaingia. Muda si muda uwanja ukawa umejaa pembe, wazee wazima na wachungaji wanazunguka wilbaro, na katikati yao samaki mmoja mwekundu anazunguka upande mwingine.

Walicheza mpaka utepe ukaanguka.

Jumatatu asubuhi Longor aliingia ofisini Lodwar akitembea upande. Mkono wa kulia ulikuwa umegoma kushuka vizuri. Ulibaki umeinuka kidogo, kiwiko mbele, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Madam Nakal akamwangalia juu ya miwani.

"Umepigwa teke?"

"Ndiyo, Madam."

"Na nani? Yule ngamia?"

"Samaki," Longor akasema, akamwomba amsaidie kuvua mfuko begani.